Wavu Nilioukata Mwenyewe

Kigongo, Mwanza
Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na ya Mama iko humu humu, ingawa nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kisha uamue mwenyewe utamsomeaje. Kifua chako kinaendeleaje tangu baridi ya huko Mbinga ianze? Ile dawa unaimeza hata siku unazojisikia vizuri, au mpaka Mama akusimamie? Kaka Benedikti aliniambia mvua iliwawahi, kahawa ikiwa bado kwenye vichanja. Nilisikitika, maana najua mgongo wako ulivyoteseka kuichuma.

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, nafundisha. Ugali wa udaga, huu wa muhogo uliovundikwa, ulionishinda mwaka wa kwanza sasa naula na kuongeza, na watoto wa darasa langu wananicheka kwamba nimeshakuwa Msukuma. Upepo wa ziwa nimeuzoea. Mengine ndiyo hayo ninayotaka kukueleza.

Barua hii namkabidhi mwalimu mwenzangu anayekuja likizo Songea, naye ataiacha kwa Shangazi sokoni. Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwenye simu najijua. Nitaanza vizuri, halafu nikisikia umenyamaza nitapunguza hapa, nitalainisha pale, na tutaagana ukiwa bado hujui kilichotokea. Nimeshafanya hivyo mara tatu.

Baba, ni ile kesi ya mbwa. Siku nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Huyo ndiye mwanangu," ukasema lazima wazee wenzako mliokaa nao baraza la kata waisikie. Najua wameshaisikia, maana Benedikti ananiambia huko siku hizi naitwa wakili. Nakuomba uache kuisimulia. Kesi ile niliishinda kwa uongo, na niliyemshinda ni mama wa umri wa Mama yangu.

Ngoja nianze tangu mwanzo, ili usinihurumie mahali nisipostahili.

Nyumba ninayopanga ina vyumba viwili, imepakana na ya Mzee Idi na mkewe, Bi Mwajuma. Kati yetu kuna ua wa minyaa wenye mwanya, na kwenye mwanya huo ndipo tunapopita sisi, kuku na mbuzi kwenda bombani. Mzee Idi ni fundi wa nyavu. Babu yake alitoka Ujiji, bibi yake Mkerewe, na yeye alikulia Mwanza mjini kabla ya kuhamia huku. Wenye mitumbwi wanamletea nyavu zilizotatuka naye anazishona. Wenye mitumbwi huku wanaitwa matajiri, hata yule ambaye mtumbwi wenyewe unavuja.

Zamani Bi Mwajuma naye alikuwa na kazi yake. Magari yakipanga foleni kusubiri kivuko cha kwenda Busisi, yeye alipita dirisha kwa dirisha na sinia la sato wa kukaanga. Tangu daraja lifunguliwe, magari yanapita juu na hakuna anayesimama. Sinia limetundikwa ukutani. Hata mbwa waliokuwa wakiishi kwa miiba na mabaki ya abiria walibaki wanazunguka gatini hawajui waende wapi. Kwa hiyo nyumba ile sasa inakula kwa mikono ya Mzee Idi, na ndani yake yumo mjukuu wao Rehema, ambaye yuko darasa la tano, darasa langu.

Mbwa wangu anaitwa Popi. Nilimpata baada ya wezi kuingia kwangu wakachukua jiko la gesi na nguo zilizokuwa kwenye beseni. Ni mweupe, mkubwa, hana akili nyingi. Siku ya pili tu Mzee Idi alikuja akasimama kwenye mwanya.

"Mwalimu," akasema, "sisi mbwa hatumgusi, unajua. Lakini sikukatazi kufuga, umeibiwa. Ninachoomba, mchana mfunge. Mchana ndipo natandaza kazi za watu."

"Nitamfunga, Mzee wangu."

Nilimfunga kweli. Halafu mnyororo ukamchubua shingo, nikamwonea huruma, nikaanza kumwachia siku moja moja. Akaenda akalala juu ya nyavu. Mzee Idi akanikumbusha, kwa upole ule ule. Nikamfunga kama wiki mbili, nikaacha tena. Nakueleza haya ili ujue kwamba nilikuwa nimeombwa mara mbili.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mzee Idi na Bi Mwajuma walikwenda msibani Usagara tangu asubuhi. Nyuma ya nyumba waliacha wavu wa sangara wa tajiri mmoja wa Busisi, umeshonwa wote, umetandazwa kwenye vigingi, unasubiri mwenyewe aje auchukue kesho yake. Nilirudi nyumbani saa saba kula. Kabla sijafika nilimsikia Popi. Hakuwa anabweka. Alikuwa anatoa sauti kama ya mtu anayekabwa.

Nilimkuta katikati ya ule wavu. Alikuwa amejiviringisha mara sijui ngapi, nyuzi zimeingia kinywani, nyingine zimekaza shingoni pale pale penye kidonda. Kila akijivuta zilizidi kukaza. Ulimi ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Nilijaribu kwa vidole, akaniuma. Niliita, hakuna aliyeitikia. Nikakimbia ndani nikatoka na kisu cha jikoni, Baba, nikakata. Nilikata popote kisu kilipofika. Nilikata macho ya wavu, nikakata na kamba ya juu yenye maboya, mpaka akachomoka. Nilipoinuka niliona tundu ambalo mtu mzima angepita bila kuinama.

Mpaka hapo sina aibu. Mnyama alikuwa anakufa. Kama ningekaa pale nikawasubiri, nikawaambia Mzee, mbwa wangu aliingia kwenye wavu na mimi nimeukata, wangesikitika, wangenilaumu, tungetafuta njia.

Badala yake nilikiosha kisu nikakirudisha kwenye kikapu. Nikamfunga Popi kwa mnyororo wake. Nikarudi kwenye wavu, nikaukanyagakanyaga, nikauburuta kidogo kuelekea gatini, ili uonekane umevutwa na wanyama. Nikafunga kidole changu kwa kitambaa. Kisha nikarudi shuleni, kwa sababu nilikuwa na kipindi. Kilikuwa kipindi cha Uraia na Maadili, darasa la tano. Rehema alikuwa amekaa dawati la mbele.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa kulipa, hilo nalikubali. Lakini zaidi niliona haya kwamba niliombwa mara mbili na sikusikia. Huku kila mtu ananiita mwalimu, mpaka watu wazima wananipisha bombani. Sikutaka kuwa yule ambaye hashiki neno lake. Na katika kuikwepa aibu hiyo ndogo, nikaenda kuitafuta hii.

Jioni nilisikia Bi Mwajuma akipaza sauti. "Idi, njoo uone. Njoo uone mbwa wa mwalimu alivyotufanya."

Nikatoka. "Mama, Popi huyo hapo, amefungwa tangu asubuhi," nikasema. "Hao watakuwa mbwa wa gatini. Siku hizi wana njaa."

Maneno yalitoka mepesi kabisa, Baba. Hata mimi nilishangaa yalivyokuwa tayari.

Bi Mwajuma alinyanyua kipande cha wavu chenye manyoya meupe akanionyesha. Mzee Idi alikuwa amechuchumaa, ameshika ncha za nyuzi karibu na uso. Alizitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akazitazama tena. Kisha akamwambia mkewe waingie ndani wakaswali.

Kesho yake tajiri akaja. Alifoka mpaka watu wakajaa uani. Mzee Idi hakubishana naye. Alipanda juu ya meza, akashusha kutoka darini wavu wake mwenyewe, ule aliovulia zamani alipokuwa bado anakwenda majini. Alikuwa ameutunza kwa ajili ya mkwewe, baba yake Rehema, aje aanze nao kazi. Akampa yule tajiri, ule uliokatwa ukabaki kwake. Mimi nilikuwa kwenye mwanya nikishuhudia.

Hapo ndipo Bi Mwajuma akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kikao kilifanyika kwenye banda walilokuwa wakikaa abiria wa kivuko, maana ndiko kwenye mabenchi. Ilikuwa mchana, shule imetoka. Watoto walijazana nje, wengine wamepanda juu ya ukuta.

Bi Mwajuma alieleza vizuri. Alisema mbwa wangu niliombwa nimfunge, alisema alishawahi kulala juu ya nyavu, akatoa yale manyoya aliyoyafunga kwenye pindo la khanga. Mwenyekiti akaniuliza nina la kusema. Nikasimama. Sehemu hii ndiyo uliyoipenda kwenye simu. Nakuandikia ilivyokuwa.

"Mama, Alhamisi saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Msibani."

"Wapi?"

"Usagara, kwa shemeji yetu."

"Kwa hiyo mbwa aliyeingia kwenye wavu hukumwona."

"Sikumwona. Manyoya haya ni ya mbwa wako."

"Hapa Kigongo mbwa weupe wako wangapi?"

"Mimi sijawahesabu."

Nikachukua yale manyoya mkononi mwake. "Haya ni meupe, Mama, au ni ya kijivu? Jicho lako la kushoto linaona vizuri?"

Baba, kwenye simu sikukwambia kwamba Bi Mwajuma ana mtoto wa jicho. Kila mtu hapa anajua. Watu wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Watoto wa ukutani nao wakacheka kwa sababu wakubwa wamecheka. Nilimwona Rehema akishuka ukutani akaenda zake. Bi Mwajuma akabaki amesimama, amekunja pindo la khanga lisilo na kitu.

Mwenyekiti akamgeukia Mzee Idi. "Mzee, wewe ndiye fundi. Una la kuongeza?"

Mzee Idi alikuwa na ule wavu magotini. Alisema, "Sina, mwenyekiti."

Basi ikaamuliwa kwamba hakuna aliyemwona mbwa, na fundi anayeacha kazi ya watu nje akaenda safari amejitakia. Nikapewa haki. Jioni ile vijana wakachukua marungu wakaenda gatini kuwapiga wale mbwa. Nilisikia milio yao nikiwa napika. Sasa unajua kwa nini nilikupigia siku ile ile: nilitaka mtu acheke nami kwa furaha, anisifu, ili nisahau. Ulinisifu, na nikakata simu nikiwa na hali mbaya kuliko kabla.

Baada ya hapo, kila asubuhi nilipita kwenye mwanya na ndoo yangu. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?" Kama kawaida, bila kupunguza neno. "Shikamoo, Mama." Bi Mwajuma akaendelea kufagia. Hakunijibu. Alikuwa ananisikia vizuri, maana ufagio ulikuwa unasimama kidogo halafu unaendelea. Na Rehema akahama dawati. Hakuaga wala hakuomba ruhusa. Siku moja nilimkuta amekaa nyuma kabisa, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Jumamosi moja nilikuwa naanika nguo. Mzee Idi akaniita kutoka upande wake.

"Mwalimu, una nafasi? Njoo nikuonyeshe kazi."

Nikapita. Alikuwa chini, miguu ameinyoosha, ule wavu uliokatwa mapajani, sindano yake ya mti mkononi. Akanipa kigoda. Akatafuta pembeni ya wavu mpaka akapata sehemu aliyoitaka.

"Ona hapa. Hapa pametafunwa na panya tangu wavu ubaki kwangu. Jino halikati, linavuta. Uzi unaota nywele, na fundo la pembeni linakaza, linakuwa dogo. Umeona?"

"Nimeona."

Akausogeza wavu, akafika kwenye tundu langu. "Na hapa?"

Ncha za nyuzi zilikuwa zimenyooka, safi. Akazipitishia kidole, akajibu mwenyewe.

"Hapa hapakuvutwa na kitu. Na kamba ya maboya, mbwa angeitafuna siku nzima."

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto, "Umejua lini, Mzee?"

"Jioni ile ile. Mimi nimeshona nyavu miaka mingi kuliko umri wako."

"Mbona hukusema kikaoni? Ulikuwa nao wavu magotini."

Aliendelea kushona macho mawili matatu kabla ya kunijibu. "Watoto wote wa shule walikuwa pale ukutani. Kesho yake ungeingia darasani, uwaambie nini? Mjukuu wangu anafundishwa na wewe. Nikasema, nikimvua nguo mwalimu mbele yao, hao watoto watamsikiliza nani? Nikasema nimwache, atakuja mwenyewe." Kisha akaongeza, "Nimekusubiri, Mwalimu. Umechelewa kidogo."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningeweza kujitetea. Nilipiga magoti pale kwenye vumbi nikamwambia yote, kidole, kisu, nilivyoukanyaga wavu. Nilimwambia Popi alikuwa anakabwa, nikamwomba radhi. Akasema, "Mnyama akiwa anakufa hata mimi ningekata. Kwangu yamekwisha. Lakini mama wa humu ndani aliitwa kipofu mbele ya watu, na mimi nilinyamaza. Nilidhani namlinda mtu, kumbe nilimwacha mke wangu asimame peke yake. Hilo na mimi linanikaa. Mwendee. Mimi siwezi kukusemea."

Nilimkuta Bi Mwajuma jikoni anachambua mchele. Nilianza kusema, akainua mkono.

"Usiniambie mimi. Mimi nilikuwa najua. Kawaambie waliocheka."

"Nitawaambia, Mama. Lakini nilitaka kwanza wewe..."

"Kwanza wao."

Akarudi kwenye mchele wake.

Ilinichukua siku nane, Baba. Siku nane nikipanga maneno, nikiyapunguza makali, nikijiambia labda mwenyekiti peke yake atatosha, labda niandike barua isomwe nisipokuwepo. Usiku wa siku ya saba niliandika hata ombi la uhamisho, nirudi huko kusini, nikalichana asubuhi. Siku ya nane nikaenda kwa mwenyekiti nikamwomba nafasi kwenye mkutano wa kitongoji.

Mkutano ulikuwa wa habari za choo cha shule. Walipomaliza, mwenyekiti akasema mwalimu ana neno. Nilisimama mahali pale pale bandani. Nikasema: "Wavu wa Mzee Idi aliuingia mbwa wangu. Sikuwa nimemfunga, na nilishaombwa nimfunge. Wavu niliukata mimi kwa kisu kumtoa. Kisha nikaficha. Siku ile nilipomuuliza Bi Mwajuma kama anaona vizuri, nilikuwa najua kwamba ameona sawa. Yeye alisema kweli, mimi nilisema uongo."

Nilikuwa nimepanga kusema zaidi ya hapo lakini hayakuja.

Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima wa Kisukuma na ananipenda, akaniinamia. "Mwarimu," akasema kwa sauti ya chini, "una hakika unataka haya yaandikwe?"

"Yaandikwe, mwenyekiti. Na yale ya kwanza yafutwe."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama nyuma. "Sasa watoto wetu unawafundisha nini?" akauliza. Mwingine akasema afadhali nimesema, mwingine akaguna. Kijana mmoja kati ya wale wa marungu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akatoka nje. Bi Mwajuma alikuwa amekaa benchi la mbele. Aliinuka, akajitanda khanga vizuri, akasema kwa wote, si kwangu, "Mmesikia." Akatoka.

Mwalimu mkuu ameniita. Nimeandika maelezo, nimepewa onyo, limewekwa kwenye faili langu na litakaa humo. Alisema amenisikitikia, lakini hakuninyima nilichostahili. Darasani siku ya kwanza watoto walikuwa kimya kuliko wanavyokuwa mkaguzi akija. Nikawaambia, "Mmesikia nyumbani niliyoyafanya. Ni kweli." Kisha tukafungua vitabu. Nilifundisha vibaya siku ile.

Wavu wa kumrudishia Mzee Idi tumekubaliana nimnunulie nyuzi na kamba mjini, kidogo kidogo kadiri ninavyopata, naye aushone mwenyewe, kwa sababu hapendi vya dukani. Jumamosi naenda kumshikia upande mmoja anapopima. Jirani akipita anatukuta hivyo, mimi nimesimama kama kigingi. Nilimuuliza kama anataka nimwondoe mbwa. Akasema mbwa hana kesi, nijenge banda. Nimejenga, la mbao, na Popi anaingia asubuhi kabla sijatoka. Anapiga kelele lakini anakaa.

Baba, najua ninakuomba kitu kigumu kuliko nilichokifanya mimi, maana mimi nilisema mbele ya wageni na wewe itabidi useme mbele ya rafiki zako wa siku zote. Ukiona huwezi kuwasimulia, basi uiache tu ife, nitaelewa. Lakini nisije nikafika Krismasi nikakuta wameniwekea kiti cha wakili. Nitashindwa kukikalia. Na ukiwa umekasirika, kasirika. Nitakuwa karibu na simu kuanzia siku utakayoipata barua hii, na utakachosema nitakisikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza.

Ulisema ungemwona yule ndugu yetu wa halmashauri ashughulikie uhamisho wangu. Usimwone. Siwezi kuondoka sasa.

Nisalimie Mama, mwambie kidole kimepona. Nisalimie kaka Benedikti na mkewe, na mtoto wao ambaye bado sijamwona. Nisalimie Bibi mzaa Mama, mwambie mchele wa Magu niliomwahidi unakuja na mwalimu huyu huyu, kilo chache. Shangazi wa sokoni mshukuru kwa kuihifadhi barua. Na katekista, jirani yetu, mwambie aniombee, asiulize kwa nini.

Jambo moja bado. Bi Mwajuma kila asubuhi namwamkia. Napita na ndoo, nasimama kwenye mwanya, nasema, "Shikamoo, Mama." Mpaka leo hajaitikia. Anafagia. Leo asubuhi, Jumapili, nilipokuwa natoka kwenda misa, nilimwamkia tena. Ufagio ukasimama. Ulisimama muda mrefu kuliko siku zote, nami nikasimama na kitabu changu cha nyimbo mkononi, nikasubiri. Kisha akaendelea kufagia, lakini alifagia kwanza pale njiani ninapopita. Kesho nitamwamkia.

Wako akupendaye, mwenye aibu,

Editha